Jiwe Lililonyamaza Tinde

Pale Tinde, barabara inapogawanyika, magari ya Kahama yakashika huku na ya Nzega yakashika kule, upo ua mmoja wenye ukuta mweupe kuliko kuta zote za mji. Ukiuliza ni kwa nani, utaambiwa, "Kwa Rajni." Rajnikant mwenyewe alikwishafariki, lakini jina lake lilibaki ukutani, kwenye mifuko ya chokaa, na midomoni mwa mafundi kuanzia Shinyanga hadi Ushirombo. Fundi akipiga ukuta lipu laini ya mwisho akasema, "Niru hii ni ya Rajni," mwenye nyumba hakuuliza swali la pili.

Mlinzi wa jina hilo alikuwa mjane wake, Induben, ambaye watu wa Tinde walimwita Mama Kunal. Alizaliwa Shinyanga mjini, binti wa muuza vitambaa, akasoma kemia mpaka chuo kikuu wakati wasichana wengi wa jumuiya yao walipokuwa wakitolewa shule ili waolewe. Alipoletwa Tinde bibi harusi, mama mkwe alimtazama juu hadi chini akasema, "Mke wa mchoma chokaa ana haja gani na digrii?" Induben, kichwa ameinamisha kwa adabu, akajibu, "Mama, chokaa ndiyo kemia yenyewe." Tangu siku hiyo hakuna aliyemdharau katika nyumba ile. Alifundisha sekondari ya wasichana kwa miaka mingi, akienda na kurudi na basi, sari yake haina kunyanzi, na wanafunzi wake walimwogopa kuliko mkuu wa shule.

Nyumba ile ilikuwa na desturi moja ambayo wachoma chokaa wengine hawakuwa nayo. Machimbo yao yalikuwa kwenye kilima kidogo nyuma ya majaruba ya mpunga. Kila upande mpya wa kilima ulipofunguliwa, kabla jiwe hata moja halijaingia tanurini, lililetwa jiwe uani likawekwa kwenye sinia ya shaba ambayo babu, baba yake Rajnikant, alikuja nayo kutoka Gujarati. Wachimbaji walivua kofia. Mzee wa nyumba alilidondoshea maji makali. Babu alitumia malimau; Rajnikant alitumia asidi, kwa ushauri wa mkewe. Kisha wote waliinama na kutega sikio, kwa sababu jiwe la chokaa likiguswa na asidi huchemka. Hutoa povu na sauti nyembamba, kama mafuta yanapoanza kushika moto kikaangoni. Hiyo ndiyo iliyokuwa ruhusa. Waliita kulisikiliza jiwe, na likishasema, watu walikula, Wasukuma nyama yao upande huu, wenye nyumba mboga zao upande ule, na vicheko vikakutana katikati.

Mwaka uliofuata kifo cha Rajnikant, mwanawe Kunal alifungua upande wa mashariki, ng'ambo ya ufa mkubwa unaokikata kilima kama kisu kilivyopita kwenye mkate. Kazi ya kulisikiliza jiwe ikamwangukia Induben. Mumewe alikuwa akimimina asidi juu ya jiwe zima, kama lilivyotoka ardhini. Kwa Induben ule ulikuwa mtindo wa kienyeji. Katika maabara yake kitu kilisagwa kwanza, asidi ipate kukifikia vizuri. Akaagiza kinu cha shaba cha viungo, akavunja kipande, akakitwanga mwenyewe.

Masalu, msimamizi wa machimbo, mtu mzima mwenye utani, hakuweza kujizuia. "Mama Kunal, leo jiwe tunalipikia uji?"

Wachimbaji wakaangua kicheko. Induben naye akatabasamu. "Uji wa wasomi, Masalu. Ngoja uusikie."

Akamimina. Unga ukachemka, povu likapanda mpaka ukingoni mwa kibakuli. "Mnaona?" akasema, na tanuri likaanza kulishwa mawe ya mashariki.

Simu ilitoka Ushirombo baada ya mvua za mwanzo. Aliyepiga ni Eunice, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama waliojichangisha wakajenga ukumbi wao wa harusi na mikutano, na ukumbi huo, kama ilivyo desturi, wakaupiga niru ya Rajni.

"Shikamoo, Mama Kunal."

"Marahaba, Eunice. Hamjambo huko, wewe na wenzako?"

"Sisi hatujambo. Ukuta ndio mgonjwa."

Kunal akamwendesha mama yake kesho yake. Ukumbi ulikuwa umeingiwa na tetekuwanga. Kuta zote nne zilikuwa na vishimo, na katikati ya kila kishimo paliketi chembe nyeupe kama jicho. Wanachama walikuwa wamekusanyika, mikono viunoni.

"Bibi harusi wa Jumamosi alidondokewa na kipande kichwani wakati wa kukata keki," mmoja akaeleza. "Tukapiga vigelegele, tukidhani ni mbwembwe za mshereheshaji."

"Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta," akasema Eunice. "Sisi tumejenga ukuta, na ufa umetufuata humo humo."

Wanawake wakacheka, lakini kicheko kilikuwa na miiba, na Induben alikihisi kikimchoma chini ya sari yake nyeupe. Alijua watu wasemavyo. Mchoma chokaa mwingine akikosea, amekosea yeye. Mwenye duka mwenye jina kama lake akikosea, watasema, "Wahindi ndivyo walivyo," na hukumu itaingia kila ua kuanzia Kahama hadi Mwanza. Babu alifika nchi hii na sinia moja tu. Jina lilijengwa jiwe juu ya jiwe.

"Fundi ni nani?" akauliza.

Akatoka Athanas, mtu wa makamo, mtulivu, mwiko wake ameushika mkononi.

"Chokaa uliizima vipi?"

"Kama siku zote, Mama. Niliilowesha kwenye mapipa mpaka ikatulia."

"Ilitulia kweli, au uliituliza kwa haraka yako?"

Kicheko tena, na safari hii hakikuwa cha kumcheka yeye. Induben akajisikia kama amerudi darasani, ubao nyuma yake.

"Mama," akasema Athanas polepole, "nimeipaka chokaa yenu tangu enzi za Mzee Rajni, Mungu amrehemu. Haijawahi kunifanyia hivi."

"Na mimi ndicho ninachokisema. Haijawahi. Chokaa yetu haijapata kumwaibisha mtu. Anayeichanganya na majivu, nyingine akaiuze kando, huyo hujiaibisha mwenyewe."

Hakuwa na ushahidi wowote. Neno lilimponyoka kwa sababu jina lilikuwa limebanwa ukutani na lilitafuta pa kutokea. Lakini lilikwishatoka, na lilipotoka lilisikika kama hukumu, maana aliyelisema ni mtu aliyesoma. Mama mmoja nyuma akashusha pumzi: "Kumbe!"

Athanas aliupangusa mwiko ambao haukuwa na uchafu, akauviringisha kwenye kipande cha gunia, akatoka. Haukupita muda Ushirombo nzima ikawa haina ukuta wa kumpa. Induben alipata habari kwamba ameondoka kwenda kuchimba dhahabu upande wa Geita, akasema, "Basi, kila mtu na riziki yake," na akaendelea kunywa chai yake. Chai hiyo haikuwa na ladha, lakini aliimaliza.

Ilipokaribia Diwali aliamua chumba cha sala kipigwe niru mpya. Akiwa na kisa cha Athanas bado moyoni, alisimamia kila kitu mwenyewe. Mapipa yalijazwa mbele yake, yakafunikwa kwa mkono wake, na hakuna fundi aliyechota kabla yeye hajasema, "Sasa." Ukuta ulitoka laini kama ganda la yai. Juu yake akaitundika picha ya Rajnikant, yenye shada la mti wa sandali.

Sikukuu ilipita, mvua zikazidi. Asubuhi moja alikuwa akiwasha taa ya mafuta mbele ya picha aliposikia mlio mdogo, kama mtu anayealisha vidole. Kipande cha niru kikaruka kikatua kwenye shada. Nyuma yake, ukutani, palibaki kishimo chenye jicho jeupe. Kabla hajajua la kufanya, mlio mwingine ukatokea upande wa dirisha. Induben alibaki amesimama mpaka kijiti cha kiberiti kikamuunguza kidole.

Fikra ya kwanza ilikuwa kwamba pana mtu amefanya hila. Fikra ya pili ilikuwa kwamba mtu huyo hawezi kuwa mwingine ila yeye.

Alikwenda uani akamwambia Masalu alete jiwe la upande wa magharibi na jiwe la upande wa mashariki. Yakawekwa kwenye sinia. Masalu akageuka kufuata kinu.

"Acha kinu," akasema Induben.

Akamimina asidi juu ya jiwe la magharibi, zima kama lilivyo. Likachemka papo hapo, kwa sauti ile aliyoizoea. Akamimina juu ya jiwe la mashariki. Asidi ilikaa juu yake kama tone la mvua juu ya jani la mgomba. Masalu akainama, akainama zaidi, mpaka sikio lake likakaribia kugusa sinia.

"Mama Kunal, hili limelala?"

"Lisage kidogo."

Akalikwangua kwa ncha ya nyundo. Ule unga mchache ulipoguswa na asidi, ukatoa povu.

Basi Induben akakumbuka. Lipo jiwe linalofanana na jiwe la chokaa kama pacha na pacha, ambalo likiwa zima hunyamaza, na likisagwa husema. Linaitwa dolomaiti. Alilifundisha mwenyewe. Aliwahi hata kulitungia swali la mtihani, na binti aliyekosa jibu alimkata maksi bila huruma.

Alimpigia simu Aneth, mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sasa alikuwa mtaalamu wa miamba na aliishi Kahama. Aneth alifika na viatu vizito na nyundo ndogo, mwanamke mzima mwenye watoto, lakini alipomwona Induben akasimama wima kama yuko mstarini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Leo wewe ndiye utakayefundisha. Twende."

Walipanda kilimani, Kunal na Masalu wakifuata. Aneth alitembea mbele ya ufa huku na huko, akigonga jiwe, akilipulizia vumbi, akilitazama kwa kioo chake cha kukuzia. Mwishowe akaita.

"Mwalimu, tazama mistari hii. Zamani za kale kilima chote hiki kilikuwa mwamba mmoja wa chokaa. Ardhi ikavutana, mwamba ukakatika hapa, upande wa mashariki ukashuka. Ndiyo maana mstari huu unaoishia hapa kifuani kwangu, kule unauona miguuni. Sasa, mwamba ukishakatika, umefungua njia. Chini huko kuna maji yenye joto na chumvi nyingi. Hayawezi kupenya jiwe zima, lakini kwenye ufa yanapanda. Yanapanda, ufa unajiziba, ardhi inatikisika, unafunguka, yanapanda tena. Na maji hayo yalikuja yamebeba magnesiamu."

"Yakaiacha humu," akasema Induben.

"Yakabadilishana. Yalichukua sehemu ya kalsiamu ya jiwe, yakaweka magnesiamu mahali pake, chembe kwa chembe. Ni kama nyumba ya kupanga, Mwalimu. Mpangaji mmoja anatoka kwa mlango wa nyuma, mwingine anaingia. Bati ni lile lile, rangi ni ile ile, jina mlangoni ni lile lile. Jirani hajui lolote mpaka siku atakapobisha hodi."

Induben alirudia moyoni: jina mlangoni ni lile lile. Akaomba mkono wa Masalu, kana kwamba mteremko ulikuwa mkali.

"Mbona upande wa magharibi haukubadilika?" akauliza Kunal.

Aneth akachomeka kidole katikati ya ufa akatoa udongo wa kijivu, laini kama unga wa muhogo. "Hii ni miamba iliyosagana wakati wa kukatika. Maji hayakuweza kuivuka. Yakaenea upande mmoja tu, kupitia nyufa ndogo ndogo. Karibu na ufa jiwe limegeuka lote. Ukienda mbali zaidi mashariki, nafikiri utalikuta la zamani tena." Akapangusa kidole. "Maji ya namna hii, ndugu zake hasa, ndiyo yaliyopandisha dhahabu kwenye nyufa za kule Geita. Wanaofuata mkanda wa dhahabu chini ya ardhi wanafuata barabara ya maji yaliyopita zamani."

Masalu akachangamka. "Kumbe hapa pana dhahabu?"

"Hapana, Baba. Hapa yalipita mikono mitupu."

"Bahati ya Tinde hiyo," akasema Masalu, akarudisha kofia yake kichwani.

Induben hakucheka. "Niambie habari ya ukuta."

"Moto wa tanuri lenu ni wa kuivisha jiwe la chokaa. Magnesiamu huiva mapema. Moto ukiendelea kwa ajili ya chokaa, ile inaungua, inagandamana, inalala. Ukimwaga maji, chokaa inaamka, inachemka, inatulia, na fundi anaona kazi imekwisha. Kumbe yule mpangaji mwingine bado amelala ndani. Ataamka ukutani, miezi baadaye, akinywa unyevu wa mvua kidogo kidogo, avimbe, arushe kila kilicho mbele yake."

"Fundi angeweza kujua?"

"Kwa macho? Hakuna fundi ambaye angejua. Angejua aliyelipima jiwe."

Upepo ulipita juu ya majaruba. Hakuna aliyemtazama Induben, na hilo lilimuumiza kuliko kama wote wangemtazama.

Jioni, Aneth alipokwisha kuondoka, Kunal alisukuma sahani yake pembeni.

"Mama, tuufunge upande ule. Akina mama wa Ushirombo tuwabandulie niru yao tuwapigie nyingine, kimya kimya. Tuseme ni mvua. Nani atauliza?"

"Na Athanas?"

"Tumpe kazi hapa kwetu."

"Atakuja hapa kama mwizi aliyesamehewa."

"Wewe ndiye uliyenifundisha hivi!" Kunal alinyanyuka. "Nikikohoa ovyo barabarani, unanikumbusha jina la baba, jina la Bapuji. Nikivaa shati lisilopigwa pasi, jina la Bapuji. Leo unataka kwenda kulitandika barabarani malori yalipitie?"

Induben aliivuta sahani ya mwanawe, akaanza kukusanya vyombo. Kunal hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa akiimba wimbo ambao mama yake mwenyewe alimwimbia tangu akinyonya. Siku zilizofuata Induben alizunguka nyumbani kama mgeni. Alijiambia kwamba mumewe, aliyemimina asidi juu ya jiwe zima kwa sababu tu baba yake alifanya hivyo kwa limau, hakustahili kuchafuliwa kwa kosa la mke aliyejua zaidi. Kisha alijiambia kwamba Rajnikant hakuwa kichaka cha kujifichia. Na kila alipowasha taa, ukuta ulialisha vidole.

Mwishowe alipanda gari akaenda Ushirombo, si ukumbini, bali nyumbani kwa Athanas. Alidhani hiyo ndiyo njia ya katikati. Atasema ukweli kwa wanaohusika, faraghani, kama watu waungwana wanavyofanya.

Mke wa Athanas, Zipora, alikuwa akianika michembe, vipande vya viazi vitamu, juu ya mkeka. Alimwamkia kwa adabu zote, akampa kigoda, akarudi kwenye michembe yake.

"Mama Amosi," akaanza Induben, "nimekuja kukuambia kwamba mume wako hakukosea. Jiwe letu ndilo lililokuwa na kasoro, na aliyelipima vibaya ni mimi."

Zipora aligeuza kipande kimoja cha kiazi, akageuza kingine. "Umeshamwambia nani?"

"Nimeanza na wewe."

"Mimi nilikuwa najua. Ninakula naye, ninalala naye. Wizi wake ningeukosa?" Alinyoosha mgongo. "Mama Kunal, wewe ni mkubwa kwangu, sikukosei heshima. Lakini wakati wa kumvua nguo ulimvulia ukumbini, watu wamejaa. Wakati wa kumvika umekuja uani kwangu, kwenye michembe?"

Induben aliukunja ukingo wa sari yake mapajani.

"Wanangu shuleni wanaitwa wana wa majivu," akaendelea Zipora, bila kupandisha sauti. "Na baba yao, mtu aliyezoea kusimama juu ya ngazi, sasa anashuka kwa kamba duarani, ndani ya shimo la dhahabu. Juzi duara la jirani yake limetitia, wakatolewa watu wamefunikwa nyuso. Simu yangu ikilia, huwa naketi kwanza ndipo naipokea."

Kuku walikuja kudonoa ukingo wa mkeka. Wanawake wote wawili waliwafukuza kwa pamoja, kwa mkono ule ule, na kwa muda mfupi walionekana kama ndugu.

"Mpigie," akasema Induben. "Mwambie Jumapili, watu wakitoka kanisani, awe ukumbini. Mwambie mimi ndiye ninayemwomba."

"Hatakuja kwa kuitwa na wewe."

"Basi aje kwa kuitwa na wewe."

Jumapili hiyo Kunal aliendesha gari kutoka Tinde bila kusema neno. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi. Walipofika, ndiye aliyeshusha sinia ya babu, akaibeba mikononi mwake mbele ya watu, ingawa uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwenda kuzika.

Ukumbi ulijaa. Habari kwamba Mama Kunal ana neno ilikuwa imetangulia, na waliokuja hawakuwa wanachama peke yao. Athanas alisimama mwisho kabisa, karibu na mlango. Alikuwa amekonda. Vumbi jekundu la machimboni lilikuwa limeingia kwenye mikunjo ya shingo yake, mahali ambapo sabuni haifiki. Zipora alisimama kando yake.

"Mwangaluka," Induben akawaamkia kwa Kisukuma chake cha dukani. Akaweka mawe mawili kwenye sinia. "Sitahutubia. Nawaomba mnyamaze, msikilize."

Akamimina juu ya jiwe la kwanza. Povu likatoka, na sauti ile nyembamba ikafika mpaka safu za nyuma. Mtoto mmoja akacheka kwa furaha. Akamimina juu ya jiwe la pili.

Ukumbi mzima ukangoja. Mtu akakohoa akanyamazishwa. Eunice alisogea, akainama juu ya sinia, akainua uso.

"Mbona hili halisemi?"

"Hilo ndilo lililo ukutani kwenu," akasema Induben. "Linafanana na lenzake lakini si lenzake. Kabla ya kulichoma, desturi ya nyumba yetu ni kulisikiliza. Mume wangu alilisikiliza likiwa zima. Mimi nililisaga, kwa sababu nilijiona nimesoma, na likisagwa husema kama lile jema. Nikaliuza. Halafu nikasimama hapa hapa, nikamwambia fundi Athanas kwamba alichanganya majivu. Sikuona majivu. Sikuuliza. Nilisema uongo juu yake ili jina langu libaki jeupe. Hakuna fundi duniani ambaye angeweza kuizima chokaa ile ikatulia. Athanas si mwizi. Aliyekosa ni mimi."

Palizuka mnong'ono, kisha makelele. "Na kuta zetu?" akapaza mmoja.

"Tutabandua niru yote, tupige ya jiwe la magharibi. Mtakuja kulisikiliza wenyewe kabla halijachomwa."

"Si mlisema chokaa ya Rajni haimwaibishi mtu?" akadakia mwingine. "Sasa tuiite chokaa ya bomu!"

Kicheko kikapasuka ukuta hadi ukuta. Induben alikiacha kimpite. Alijua jina hilo jipya litatangulia kufika Tinde kabla ya gari lao, na litakaa huko, pengine kumpita umri. Kunal, kando yake, alikuwa ameinamia sinia kama anayehesabu chembe za shaba.

Ndipo watu wakapisha njia. Athanas alikuja taratibu mpaka mbele. Hakumtazama Induben. Alilitazama jiwe lililonyamaza, akaligeuza, akapitisha kidole gumba juu yake kama afanyavyo fundi anapopima ukuta.

"Umesema," akamwambia mwishowe. "Nimesikia."

"Athanas, ukitaka kurudi…"

"Hayo ya kurudi sijayafikiria, Mama. Wenzangu wananingoja duarani, na hapa bado sijui nani atanitazama usoni." Akalipangusa jiwe kwa ncha ya shati lake. "Hili ninalichukua."

"La nini?" akauliza Eunice.

"Wanangu wameambiwa mengi juu ya baba yao. Nataka na wao walisikilize."

Induben aliitazama chupa ya asidi mkononi mwake, akaifunga kizibo. "Tumia limau," akasema, kwa sauti ya chini. "Limau linatosha. Babu ndivyo alivyofanya."

Athanas akaitikia kwa kichwa, akalitia jiwe mfukoni, na yeye na Zipora wakatoka nje kwenye jua. Juu ya sinia lilibaki jiwe moja, na povu lake lilikuwa likikauka polepole.